Tangazo la Ukurasa wa Nyuma

Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, kulikuwa na jozi tatu za viatu mlangoni na wanafunzi saba ndani. Truphena alihesabu viatu, akahesabu watu, kisha akarudia viatu. Ghala lilikuwa la chama cha wakulima hapo Rodi Kopany. Asubuhi lilihifadhi mahindi na jioni likawa shule ya karate, kwa hiyo kabla ya kila kipindi alilazimika kufagia makapi na kusukuma magunia ukutani.

Wenye viatu aliwajua. Mmoja alikuwa Robi, mwendeshaji bodaboda aliyehamia hapo kutoka Kehancha, na wawili walikuwa wasichana wa sekondari. Wale wanne wa ziada walikuwa wanawake. Walisimama mstari wa nyuma, miguu mitupu, wamevaa nguo zao za siku kuu, na mmoja alikuwa na sare ya kwaya. Walisalimia kwa kichwa. Truphena alidhani wametoka sokoni, akaanza kuhesabu kwa Kijapani kama kawaida, nao wakamfuata bila kukosea.

Baada ya kipindi Robi alimvuta kando.

"Sensei, huyu mama wa kwaya amekinga ngumi yangu. Mkono yake iko baridi. Na mimi nilikuwa kwa mazishi yake wiki mbili imepita. Nilibeba viti."

Truphena akamwambia kwamba wiki ijayo ampigie polepole zaidi, kwa sababu mama yule bado alikuwa hajakaza kiwiko. Robi akasema sawa, akavaa viatu vyake akaenda, maana abiria alikuwa akimngoja.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa tangazo. Shule ilikuwa imebaki na wanafunzi watatu, na mwalimu wa karate mwenye wanafunzi watatu hana tofauti na mtu anayepiga kelele ghalani. Truphena alikuwa amejaribu kila njia. Alipigilia vibao vya bati kwenye miti, watu wakaving'oa wakazibia mabanda ya kuku. Alikodi gari la vipaza sauti siku ya soko, watu wakadhani anawania udiwani, wakamuuliza ataleta maji lini. Alivunja matofali kwa kiganja mbele ya kinu cha kusaga, na mzee mmoja akaja kumuuliza kama yale mazima yaliyobaki anayauza.

Ndipo Cephas, mwenye duka la kuchapisha, akamshauri. Watu wa huku, alisema, hawasomi bango, lakini programu ya mazishi wanaisoma mpaka jina la aliyeleta hema. Hawaitupi pia. Inakaa sebuleni miaka kumi, juu ya televisheni. Ukurasa wa nyuma kwa kawaida huwa mtupu. Kwa nini usiwe na kazi?

Wakakubaliana. Tangazo lilikuwa na picha ya Truphena akipiga teke, na chini yake maneno: JIFUNZE KUJILINDA. AKINA MAMA KARIBUNI. HUJACHELEWA. GHALA LA MAHINDI, RODI KOPANY, KILA ALHAMISI SAA KUMI JIONI.

Jambo moja halikuwajia akilini, Cephas wala Truphena, ingawa wote wawili walizaliwa huku na wamehudhuria mazishi tangu hawajaota meno. Kabla jeneza halijafungwa, nakala moja ya programu huwekwa ndani, chini ya mikono ya marehemu, ili aende na yale yaliyosemwa juu yake. Basi tangazo lilimfikia kila aliyezikwa kuanzia Machi, na lilisomwa vizuri, maana huko hakuna haraka.

Ila si wote walioitikia, na hapo ndipo shaka ilipomwingia Truphena. Mzee Angwenyi, mfanyabiashara aliyefariki akiwa na miaka themanini na minane, alizikwa na tangazo lakini hakuonekana. Msichana aliyeumwa na nyoka huko Lambwe hakuja. Truphena alienda dukani kwa Cephas, akaomba nakala za miezi hiyo yote, akakaa nazo kwenye benchi akizisoma kama anayesahihisha mitihani ya watoto wanaoibiana majibu. Mama wa kwaya, ilisema yake, alianguka kutoka kitandani. Wa pili alipata ajali ya jikoni. Wa tatu aliugua kwa dakika chache. Wa nne aliitwa na Bwana ghafla. Wasifu wa wote wanne ulikuwa umesomwa na waume zao.

Mwenye macho haambiwi tazama, na mwalimu wa karate ana macho ya aina yake. Kila mmoja wa wale wanawake alijifunza mbinu zote, lakini akipewa nafasi ya kufanya mazoezi peke yake alirudia kinga moja tu. Mama wa kwaya alikinga shingo. Wa ajali ya jikoni alikinga kichwa, mikono miwili juu, akipinda magoti. Na mtu akikuonyesha kinga yake mara mia mbili, hana haja ya kukusimulia pigo. Truphena aliliona pigo, akaona lilitoka upande gani, akaona hata urefu wa aliyelipiga.

Tangu hapo hakuiamini tena sentensi yoyote iliyoanza na neno "ghafla". Akisikia mtu ameteleza, aliuliza ameteleza wapi, na pale pana utelezi gani. Watu wakaanza kumkwepa barabarani. Shule, kwa upande wake, ilistawi. Wapita njia waliona ghala limejaa, na watu wa Rodi hawapendi kupitwa na jambo, wakajiandikisha. Kufikia Juni viatu mlangoni vilikuwa jozi kumi na nne. Waliokuja miguu mitupu walikuwa tisa. Hakuna aliyelalamika, ila mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgane, ambaye alisimama siku moja dirishani, akamtazama mkewe katika mstari wa nyuma, halafu akaomba anunuliwe soda.

Mwezi huohuo wa Juni Dolphine alifariki.

Alikuwa mdogo wake Truphena, wa pili kwao, ameolewa Muhuru Bay na Gordon, mwenye mashua mbili za kuvulia omena, dagaa wa ziwani. Aliacha watoto watatu. Programu ilisema aliteleza juu ya mawe ya ufukweni. Truphena aliisoma sentensi ile amesimama kando ya jeneza lililo wazi. Dolphine alikuwa amekanyaga mawe yale miaka tisa, beseni la omena kichwani na mtoto mgongoni, na hakuwahi kudondosha hata samaki mmoja.

Aligeuza programu. Kwenye ukurasa wa nyuma alikuwepo yeye mwenyewe, akipiga teke. Cephas alikuwa amesahau kuliondoa tangazo kwa msiba huo. Na Gordon, ambaye alilia vizuri sana siku hiyo hata wageni wakamhurumia, alichukua nakala moja akaiweka kwa mkono wake chini ya mikono ya mkewe.

Tangu siku hiyo Truphena aliogopa Alhamisi. Aliomba Mungu Dolphine asije. Asipokuja, basi aliteleza kweli, na watu huteleza, na machozi yangekuwa machozi tu. Alhamisi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Huku nyuma familia ilikuwa imeanza mazungumzo ya kumpa Gordon mke mwingine kutoka nyumba hiyohiyo. Watoto wa Dolphine walikuwa wakilala kwa majirani, na mdogo wa mwisho wa akina Truphena, Liz, alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili akiwa hana kazi. Mama yao, huko Lambwe, alisema damu hailelewi na mgeni. Gordon alisema yeye hana neno, familia ikiamua ataheshimu. Liz alisema anawapenda watoto wa dadake, na hilo lilikuwa kweli. Truphena peke yake ndiye aliyesema wangoje.

"Tungoje nini?" mama yake akauliza.

"Alhamisi," akajibu.

Alhamisi ya saba Dolphine alikuja. Alikuwa na gauni la kijani alilozikwa nalo. Alisimama mwisho wa mstari wa nyuma, karibu na magunia, akafunga ngumi vibaya, dole gumba likiwa ndani, jinsi alivyofunga tangu utotoni. Truphena alimwendea, akalitoa dole gumba nje, akalipanga. Mikono ya dadake ilikuwa baridi na ilinuka sabuni ya mche. Alitaka kumkumbatia lakini darasa lilikuwa linangoja hesabu, akahesabu. Kwenye tatu akarudia tatu.

Ulipofika wakati wa kila mtu na mazoezi yake, Dolphine aliinua mkono wa kushoto, akakinga uso, akarudi nyuma hatua moja. Akainua tena. Hatua ile ya kurudi nyuma ndiyo iliyomwonyesha Truphena kwamba mawe yalikuwepo kweli, lakini yalikuwa nyuma yake.

Alienda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alimsikiliza bila kumkatiza, akauliza kama mlalamikaji anaweza kuja mwenyewe. Truphena akasema huja Alhamisi saa kumi, lakini haendi popote zaidi ya ghalani. Ofisa alikuwa mtu wa haki. Alhamisi alikuja na daftari. Aliwasalimia wale wanawake, wawili akawaita kwa majina maana aliwahi kuandika kesi zao walipokuwa hai, kesi ambazo baadaye wazee walizimaliza nyumbani. Alitazama kinga ya Dolphine mara tatu. Kisha akafunga daftari. Malalamiko, alieleza, huandikwa pamoja na nambari ya kitambulisho, na vitambulisho vya marehemu hurudishwa serikalini siku ya kuchukua kibali cha mazishi. Hakuna pa kuandika. Alisikitika kwa dhati, na alipotoka alichukua fomu ya kumwandikisha binti yake.

Jumapili yake Truphena alipanda kwenda Lambwe. Alimkuta mama yake akipepeta mtama, akamwambia kila kitu: gauni la kijani, mkono wa kushoto, hatua moja nyuma. Mama hakuacha kupepeta.

"Nyathina, mwanangu," akasema mwishowe, "unadhani mimi niliuosha mwili wa mtoto wangu nikiwa nimefumba macho?"

Truphena akakaa chini juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama akaendelea, kwa sauti ileile ya kupepeta, kwamba watoto ni watatu, kwamba Gordon ndiye baba yao kwa mila na kwa serikali, kwamba akioa mgeni watoto wataozea jikoni, na kwamba Liz ni mkali kuliko Dolphine. Alisema ameshapima pande zote mbili. Kimya cha watu wa nyumba ile, Truphena alielewa, hakikuwa cha kutojua. Alikasirika, na zaidi ya hasira aliona aibu, kwa kuwa alikuwa amewashuku watu wote wa Rodi na kumsahau aliyemzaa.

Gordon alikuja kumchukua Liz siku ya Alhamisi. Alipitia Rodi ili amuage shemeji yake, jambo la adabu, akaingia ghalani baada ya kuvua viatu. Alimwona Dolphine.

"Kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi?" akamuuliza. "Nesi anaitaka."

Dolphine alishusha mkono. Ndiyo mara pekee Truphena alipomsikia akisema tangu arudi.

"Ndani ya sufuria kubwa. Juu ya kabati."

Gordon akashukuru. Akamgeukia Truphena, akamsifu kwamba shule imekua, akaongeza kwamba Liz hatakuwa na nafasi ya karate, omena wana kazi nyingi. Dolphine alikuwa amekwisha kuinua mkono tena, na kwa kuwa Gordon sasa alisimama mbele yake, kinga ililingana naye barabara, kipimo kwa kipimo, kama mlango na fremu yake. Darasa zima liliona. Ofisa wa zamu, aliyekuwa amemleta binti yake, aliona pia. Gordon akavaa viatu vyake, akafunga kamba zote mbili kwa utaratibu, akaondoka na Liz, aliyekuwa akingoja nje.

Truphena alimwambia Cephas aondoe tangazo. Cephas akaondoa, lakini waliokwisha kulipata hawakuacha kuja, na familia zilianza kuulizia mbona ukurasa wa nyuma ni mtupu, inaonekana kama umaskini. Akalirudisha.

Septemba, Alhamisi moja, Truphena akiwa amewapa mgongo akisukuma gunia la mwisho, alisikia darasa likijipanga. Alipogeuka alimwona Liz mstari wa nyuma, pembeni ya Dolphine. Hakumtazama usoni, alikimbilia mlangoni, akapiga magoti mbele ya viatu, akaanza kuhesabu. Jozi kumi na tisa. Akahesabu watu, akatoa waliokuja miguu mitupu, akarudi kwenye viatu. Mwishoni kabisa, kandambili za bluu zilikuwa na magamba ya samaki kwenye kamba. Zilikuwa na joto.

Alizipanga sawasawa, ya kulia na ya kushoto. Kisha akainuka, akaenda kumtazama mdogo wake. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na mkono haukuinuka kupita bega.

"Niliteleza," Liz akasema.

"Wapi?"

"Kwa mawe."

Dolphine alinyoosha mkono, akashika kiwiko cha Liz, akakipandisha polepole mpaka kikafika mahali pake. Akakishikilia hapo. Truphena alirudi mbele, akahesabu mpaka kumi, na mpaka kumi tena, akahesabu muda mrefu kuliko siku zote, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. Saa kumi na moja na nusu Liz alivaa kandambili zake. Alisema lazima awahi, omena wameanikwa na mvua inakuja, na Gordon hapendi omena walowe.