Taifa la Cosnel

Jiwe la kaburi la Cosnel Bedeau lililala kitandani usiku kucha, limefunikwa shuka jeupe, kama desturi ya kisiwa kidogo cha Carriacou inavyotaka kabla ya karamu ya kulisimika. Binti yake, Lornette, alilala sakafuni, na lepe la usingizi hakulipata.

Lornette alikuwa mtoto wa nje. Cosnel alimpata huko Gouyave, mji wa kisiwa kikubwa cha jirani, enzi zile alipokuwa baharia wa kupeleka mbuzi na vitunguu. Alimlea kwa mbali, viatu kila mwaka na barua mbili tatu, lakini nyumbani hakumleta hata siku moja. Miaka kumi na miwili Lornette amechambua kungumanga na basbasi ghalani, na tangu tufani iangushe miti, kazi ni siku tatu kwa wiki. Hata hivyo jiwe alilinunua yeye. Watoto wa ndani wako Brooklyn. Walituma mapipa ya mchele na mafuta, na mapipa, kama tujuavyo, hayachezi ngoma.

Asubuhi akaja Estimus, mpiga ngoma kutoka kijiji cha pili.

"Dada, marehemu alikuwa taifa gani la mababu wa Afrika? Kila taifa lina ngoma yake, tusije tukamkosea."

"Igbo," Lornette akajibu haraka. Ndilo taifa alilolisikia kwa mama yake.

Wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa karamu wakasimamisha miko.

"Igbo? Cosnel? Tangu lini?" mmoja akacheka.

"Huku taifa hutoka kwa baba, mwanangu," akasema mwingine, kwa upole kidogo. "Ukicheza la mama, umetangaza mwenyewe kwamba baba huna."

Lornette akawageukia. "Basi niambieni lake."

"Taifa halitolewi na jirani. Muulize Ermintine."

Ermintine alikuwa dada wa Cosnel. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Lornette ashuke kwenye boti, na bibi yule hakuwa amemjibu hata salamu. Lornette hakuthubutu kumwendea. Ni afadhali kutojua kuliko kuambiwa mbele ya watu kwamba hapa huna kwenu.

Jua lilipopungua ngoma tatu zikaanza uani. Wakatangulia watu wa taifa la Kromanti, kama kawaida, wakazunguka na taulo zao mabegani. Kisha ngoma zikabadilika, wakaingia Igbo, na macho yote yakamgeukia Lornette. Ngoma ile aliijua, mama yake alimwimbia tangu utotoni. Mwili ulimwasha kweli kweli. Akashika kiti kwa mikono miwili, akabaki pale pale mpaka ikaisha. Wakaja Manda, wakatoka. Moyoni alishakata tamaa. Akawaza boti ya kesho asubuhi.

Ngoma zikabadilika tena. Ermintine akainuka na magoti yake mabovu, akaingia uwanjani, akakatiza moja kwa moja mpaka mbele ya Lornette.

"Wewe! Umekaa kama gunia la chumvi, na ngoma ya baba yako inapita?"

"Sikujua, mama."

"Mama yako yuko Gouyave. Mimi shangazi yako! Ngoma ya taifa la Chamba hii, mtoto wa Chamba. Simama kabla magoti hayajanikatalia!"

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Nilitaka nikuone. Ungecheza la mama yako, ningekuacha uende zako salama. Lakini umekaa, umeng'ang'ania kiti kama mtu anayemsubiri baba yake." Akamtupia taulo begani. "Haya."

Lornette akaingia. Pumzi aliyoishika siku tatu ikamtoka yote, akalia huku akicheka, na wala hakujifuta. Akacheza vibaya. Ngoma ikienda kulia yeye kushoto, akamkanyaga Ermintine, akakaribia kumwangukia Estimus. Uwanja mzima ukavunjika mbavu.

"Miguu gani hiyo, jamani!" wanawake wa ugali wakapiga kelele.

"Nyamazeni nyie!" Ermintine akafoka, mkono wa Lornette ameushika imara. "Cosnel mtupu huyu. Alikuwa hajui kucheza hata chembe."