Nafasi ya Suti Nne

Gauni la mke wa hakimu liliungua Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Lilikuwa la hariri, rangi ya maziwa, na alama ya pasi ilikaa kifuani kabisa, nzima na ncha yake.

Pasi ilikuwa ya binti wa miaka kumi na tisa aliyeajiriwa kunyoosha nguo kwenye lile duka la dobi. Muda ule hakuwepo mezani. Alikuwa uani, nyuma ya tangi la maji, simu sikioni, anausikiliza kwa mara ya tatu ujumbe wa sauti wa kijana mmoja ambaye hakuwa na la maana la kusema na alilisema kwa dakika nne nzima.

Aliyesikia harufu ni mjomba wake. Mjomba alikuwa mfuaji pale kwa miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyemwombea binti ile kazi. Aliacha beseni, akakimbia na povu lake mpaka viwikoni, akainua pasi. Bosi akaingia wakati huohuo, akamkuta ameishika.

"Nani kaunguza?" bosi akauliza.

Mjomba aliisimamisha pasi mezani. Alimtazama binti, ambaye alishafika mlangoni na simu ameitia mfukoni. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayemwachia mwenzake njia apite kwanza.

"Mimi nilikuwa chooni," binti akasema.

Bosi akasema itaandikwa barua ya kukiri kosa, mjomba atatia sahihi, barua iende kwa mke wa hakimu na nakala kwa kila dobi pale mjini, kwa sababu wenye madobi wote wanajuana. Mwisho wa kutia sahihi ni Ijumaa. Baada ya hapo hakuna dobi atakayempa mjomba hata soksi. Mjomba akasema ameelewa, akarudi kumalizia mashuka aliyokuwa ameyaloweka.

Jumatatu binti alipofungua duka alimkuta mjomba amening'inia kichwa chini kwenye bomba la chuma la kutundikia nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa juu kwa utepe. Wa kushoto ulikunjwa nyuma ya goti la mwenzake, ukafanya namba nne. Mikono ilikuwa mgongoni. Shati halikumshuka, funguo hazikumdondoka mfukoni, na uso ulikuwa na rangi yake ya siku zote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

Binti akachomeka pasi, akaijaza maji ya mvuke.

Bosi alifika saa tatu, akamzunguka mjomba mara moja. "Huyu anachukua nafasi ya suti nne," akasema. "Msogezeni huko kwenye mapazia." Walimsukuma, hakusogea. Ikabidi zihamishwe suti.

Wateja waliinama kidogo kumpita. Mmoja aliuliza kama ndiye yule wa gauni, bosi akasema ndiye huyo huyo. Mteja akasema, "Poleni," akachukua blauzi yake akaondoka.

Jumanne lile bomba likachipua. Majani yalitoka kwenye chuma chenyewe, madogo, ya kijani kibichi, na utomvu ukadondokea shati jeupe la mwalimu mkuu. Bosi alikasirika sana. Akamkabidhi binti mkasi wa vitambaa, akamwambia kila asubuhi kabla ya kazi apogoe.

Jumatano kichwa cha mjomba kikaanza kutoa mwanga. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa njano, wa mviringo, kiasi cha taa ya kusomea, na ulianguka moja kwa moja kwenye meza ya pasi. Bosi akazima taa ya dari. Kwa mwanga ule binti aliona mikunjo ambayo hakuwahi kujua kama ipo, chini ya kola, ndani ya pindo, pembeni ya vifungo. Akanyoosha vizuri kuliko alivyowahi kunyoosha tangu aanze kazi. Wateja wakasifu. Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo mara mbili, na si mtu wa vioo.

"Kumbe aliyekuwa anakuharibia kazi ni mzee huyu," bosi akasema.

"Asante, bosi," binti akasema.

Mjomba alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Binti aliinamia shati lililofuata na hakuinua uso mpaka saa ya kufunga.

Nyumbani, mama yake alikuwa anapanga vyombo.

"Kaka yangu mimi namjua," mama akasema. "Huyo hajawahi kuunguza hata maji. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chooni."

"Muda wote huo? Tumbo?"

"Kidogo."

"Mtoto wewe, unaumwa tumbo tangu Jumamosi unanyamaza!" Mama akaenda kumchemshia dawa ya tumbo, chungu ajabu, akasimama na mkono kiunoni kuhakikisha inaisha. Binti akainywa yote. Mama akamfuta mdomo kwa upindo wa nguo yake kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, na hilo lilimchoma binti kuliko dawa.

Alhamisi alikuja mama wa karata. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke mpana mwenye miwani ya kamba, anayewatazamia watu kwa zile karata za picha zinazoitwa taroti. Alileta kitambaa chake cheusi cha mezani, kimedondokewa nta ya mishumaa. Alipomwona mjomba alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja apate kumtazama usoni.

"Kumi na mbili," akasema.

Akatoa pakiti mkobani, akachambua, akaweka karata moja mezani pembeni ya pasi. Ilikuwa na picha ya mtu kichwa chini, mguu umefungwa kwenye mti wenye majani, mwingine umefanya nne, mwanga kichwani.

"Kweli ni yeye," bosi akasema. "Na ya kumrudisha kwake ipo humo?"

"Acha utani, baba. Hii watu wakiiona wanaruka, wanadhani ni kifo. Kifo ni ya kumi na tatu, haijafika. Huyu hakunyongwa na mtu. Tazama fundo hilo, mtoto mdogo analifungua. Amekubali mwenyewe. Ameacha kushindana, anatoa kilicho chake ili mwingine apate kuona."

"Aone nini?" binti akauliza.

"Hilo si la anayening'inia, binti yangu. Ni la anayemtazama." Mama wa karata akapandisha miwani. "Lakini kuna jambo moja. Zamani, huko karata hizi zilikotoka, waliokuwa wakichorwa hivi ni wasaliti. Kwenye kuta za mji, kichwa chini, kila apitaye awazomee. Halafu aliyechora karata akampa msaliti uso wa mtu asiye na kosa. Miaka yote najiuliza, msaliti mwenyewe alikuwa amesimama wapi wakati mwenzake anachorwa?"

Binti alikuwa amesimama mezani. Akaandika lebo, akaibana kwenye kitambaa.

"Kitakuwa tayari Jumamosi," akasema.

Ijumaa saa kumi bosi alikuja na barua imeshapigwa chapa. Akavuta stuli, akaiweka chini ya mjomba iwe mahali pa kuandikia. Binti alikuwa ameshinda siku nzima anajizoeza yale maneno kwa midomo tu, nyuma ya tangi. Wateja wawili walikuwa wanasubiri suruali zao. Akaweka pasi kando.

"Bosi, ni mimi. Gauni nimeunguza mimi. Nilikuwa uani na simu."

"Najua," bosi akasema.

Alikuwa anatafuta kalamu mfukoni, hakugeuka.

"Mtu ana povu mpaka viwikoni, apige pasi hariri? Mimi si mtoto. Lakini mke wa hakimu ameshaambiwa ni mzee, ameridhika. Ukimpa mtu kama yule jina la pili ataanza kudai la tatu, na la tatu ni langu. Unataka jina lako liandikwe humu? Haya, nitaandika. Mtatoka wote wawili, mama yako abaki na nani? Sema."

Binti akafungua mdomo. Wateja wawili walimtazama, halafu wakatazama suruali zao.

Mjomba akatoa mkono wa kulia mgongoni, akapokea barua, akaisoma taratibu kichwa chini vilevile, akatia sahihi. Bosi akaigeuza, ikawa sawa.

Kilichomshuka binti kifuani kilikuwa nafuu. Alikitambua, na hakukifukuza.

"Mjomba," akasema bosi alipokwisha kutoka, "nisamehe."

"Nimekusikia ulipokuwa unasema, mwanangu. Umesema vizuri." Akarudisha mkono mgongoni. "Endelea na suruali za watu."

Mke wa hakimu alijibu barua kwa mstari mmoja, bosi akaubandika ukutani. Mfuaji mpya akaajiriwa. Majani yalipogolewa kila asubuhi, yakafagiliwa pamoja na nyuzi. Mama akaacha kupita mtaa ule. Alisema si kwa ubaya, hajui tu aseme nini akikutana na mke wa fulani na fulani. Binti akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa pasi zote tatu, na meza yake ikabaki palepale penye mwanga.

Siku moja aliingia mteja mgeni, kijana mwenye koti begani. Akainama kumpita mjomba, akainuka, akauliza kwa adabu:

"Samahani, dada. Huyu mzee vipi?"

Mwanga ulikuwa mwingi siku ile. Binti aliona kila uzi wa lile koti.

"Ni mjomba wangu," akasema. "Aliunguza gauni la watu."

Kisha akamwandikia risiti.