Darasa Lisilopiga Picha

Mwaka ule darasa la mwisho la sekondari ya Dolan halikupiga picha. Miaka mingine mpiga picha alikuja kutoka mjini majira ya kuchipua, akawakalisha wahitimu mmoja mmoja mbele ya kitambaa cheusi, na sura zao zikaingia kwenye kitabu cha kuagana. Lakini mahindi yalikuwa yamekauka shambani misimu miwili mfululizo, vumbi la Nebraska lilikuwa limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari, na wazazi walipoulizwa habari za mpiga picha walitazama viatu vyao. Basi Mwalimu Thorne, aliyewafundisha Kiingereza, akasema, "Kama hatuna picha tutaandikana. Kila mtu atapata mistari yake michache. Msomaji akimaliza, awe amemwona mtu, na awe amecheka."

Kazi hiyo alipewa Ardith Kubicek, na hakuna aliyeshangaa. Ardith alikuwa na ulimi mwepesi tangu utotoni. Mama yake alizoea kusema kuwa binti huyo angeweza kumchekesha maiti, kisha akamuudhi mpaka afufuke.

"Sharti ni moja tu," Mwalimu Thorne alimwambia. "Mtanie mtu mpaka mama yake naye acheke. Mama yake akinuna, ujue umekosea."

Habari zikaenea kabla ya chakula cha mchana. Wilma Tichy, rafiki yake wa dawati moja, alimwandama mpaka kwenye bomba la maji.

"Utasema nini kuhusu macho yangu?"

"Nitasema unayo mawili."

"Mwenzio sitanii. Clarence atasoma."

"Basi nitasema unayo mawili, na yote yanamtazama Clarence."

Harlan Voss alikuja baadaye, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa polisi. Tangu majira ya baridi alikuwa akiendesha gari la baba yake kinyumenyume, kwa sababu lilikuwa limekataa kwenda mbele na pesa ya mayai waliyouza haikutosha kumlipa fundi. Jumapili moja alilirudisha mpaka likaingia kwenye bwawa la kanisa, na majoho yote ya kwaya yakiwa ndani ya gari.

"Ile habari ya bwawa iache, tafadhali."

"Harlan, kanisa zima lilikuona."

"Wale watakufa. Ukiandika, watajua mpaka wajukuu zangu."

Ardith akaandika hivi: *Harlan Voss: sisi wengine tunaanza maisha tukienda mbele. Yeye atatangulia kufika, kinyumenyume.* Na kuhusu Wilma: *Ana sauti ya malaika, na kama malaika, haulizi kwanza kama umelala.* Mistari ilimtiririka, mpaka alipofika kwa Emil Sedlak kalamu ikagoma.

Emil alikaa nyuma, karibu na jiko la makaa. Akiitwa alisimama, akajibu kwa neno moja, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa sahihi, kisha akakaa. Alikuwa mrefu, na masikio yake yaliwahi kuwa mekundu kabla uso haujaanza. Zaidi ya hapo Ardith hakujua lolote. Mwishowe akaandika: *Emil Sedlak: tuna hakika alikuwepo. Atakayemwona amsalimie.*

Alipoisoma mbele ya darasa, wote waliangua kicheko. Emil alitabasamu kidogo, akageuka kutazama dirishani. Kengele ilipolia Mwalimu Thorne akamzuia Ardith mlangoni.

"Utani ule unamhusu nani?"

"Emil, Mwalimu."

"Hapana, unakuhusu wewe. Umesoma naye tangu mkiwa watoto, na umeandika kwamba humjui. Sasa mama yake acheke nini hapo?"

Ardith akatoa kalamu, akaukata mstari ule.

Jumamosi akapanda baiskeli hadi shamba la akina Sedlak, ng'ambo ya reli, ambako mchanga ulikuwa umepanda ua mpaka kwenye waya wa juu. Uwanjani hapakuwa na mtu, kuku tu. Akawa anaelekea mlangoni aliposikia, kupitia dirisha la jikoni lililo wazi, sauti ya Bwana Pruitt, mkuu wa shule.

"Vijana wa leo," ilisema sauti, ikakohoa kile kikohozi chake cha vipande viwili, "vijana wa leo..."

Ardith akachuchumaa chini ya dirisha. Mkuu wa shule anafanya nini huku Jumamosi? Tena alikuwa akizungumza Kicheki, lugha ya nyumbani kwa akina Sedlak na akina Kubicek, ambayo Bwana Pruitt hakujua hata salamu yake. Kabla hajaelewa, akamsikia Wilma akiuliza habari za macho yake, na Harlan akilia habari za bwawa. Akainuka taratibu, akachungulia.

Emil alikuwa amesimama katikati ya chumba, tumbo mbele, mikono nyuma, na sauti zote zilikuwa zake. Kwenye kiti cha kuegemea alikaa bibi yake, ambaye macho yake yalizimika miaka mingi nyuma, akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya aproni.

"Na yule wa Kubicek?" bibi aliuliza. "Wiki hii alikuwaje?"

Emil alijisukumia nyuma nywele ndefu ambazo hakuwa nazo. Akainama mbele, akaanza kusimulia kichekesho, na kabla hajafika mwisho wake akakicheka mwenyewe, kicheko kinachoanzia puani kama birika linalokaribia kuchemka. Kisha akatupa jicho huku na huku, kuhakikisha hakuna aliyekikosa.

Uso wa Ardith uliwaka moto. Kwanza alitaka kumrukia. Halafu akakumbuka ni mara ngapi amewahi kutupa jicho lile lile huku na huku, na kabla hajajizuia kicheko kikamponyoka, kupitia puani, kama birika.

Bibi akageuza sikio upande wa dirisha.

"Emil, ni wewe uliyecheka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi ni mwenyewe. Mwambie aingie, kolache zinapoa."

Ardith akaingia, vumbi magotini. Emil alikuwa amerudia ububu wake, masikio yakiwaka. Bibi akamsukumia sahani ya kolache, vile vimkate laini vyenye jamu ya plamu katikati, naye akala kimoja ili apate la kufanya.

"Mbona shuleni husemi hata robo ya haya?" alimuuliza Emil.

Emil alizungusha kikombe. "Kule mnanitazama."

"Na hapa je?"

"Hapa mimi simwoni," bibi alijibu. "Kwa hiyo ananionyesha."

Jumatatu Ardith akamfuata Emil kwenye jiko la makaa na shauri lake. Siku ya kuagana, mistari isisomwe tu. Emil aiseme, ya kila mtu kwa sauti ya mtu huyo, akiwa nyuma ya pazia la jukwaa, mahali asipoonekana na mtu.

"Siwezi."

"Unaweza. Nimekusikia mimi."

"Ulichungulia."

"Nilichungulia, ndiyo. Lakini uliniigiza mimi bila ruhusa yangu, kwa hiyo tumelingana."

Emil alifikiri mpaka makaa yakaporomoka ndani ya jiko. "Bibi naye aje," akasema.

Kuanzia siku hiyo walibaki darasani kila baada ya masomo, na Ardith akagundua kwamba nusu ya aliyoandika hayakuwa na watu ndani. "Harlan hasemi hivyo," Emil alimwambia. "Harlan husema 'kwa kweli' kila anapotaka kudanganya." Au, "Wilma haimbi kwa nguvu kwa sababu ya majivuno. Anaogopa kusahau maneno." Ardith alibishana, akafuta, akaandika tena. Utani ulibaki utani, ila sasa ulikuwa na joto.

Jumapili ya kuagana, baada ya ibada, ukumbi wa shule ulijaa kofia za akina mama na shingo za akina baba zilizounguzwa na jua. Bibi Sedlak alikaa mstari wa mbele. Wilma alipewa kamba ya pazia. Mhitimu mmoja mmoja alisimama jukwaani, na kutoka nyuma ya pazia ikatoka sauti yake mwenyewe ikisema mambo yake. Harlan aliposikia "kwa kweli" ya kwanza alishika kichwa, na mama yake akapiga paja mpaka mkoba ukadondoka.

Ikafika zamu ya Wilma, kamba ingali mkononi. Aliisikia sauti yake ikiimba kwa nguvu za kuamsha wafu, kisha ikisita kutafuta ubeti wa pili, akacheka mpaka akainama. Akaegemea kamba. Kamba ikafunguka, na pazia lote likaanguka chini na vumbi lake la miaka.

Emil alibaki amesimama peke yake, mdomo wazi, mbele ya mji mzima.

Hakuna aliyecheka. Emil alitafuta mlango kwa macho. Hapo bibi yake, ambaye hakujua kilichotokea, akapaza sauti kwa Kicheki, "Mbona umenyamaza? Mkuu wa shule bado!"

Nusu ya ukumbi ilielewa na ikaangua kicheko. Nusu nyingine ikawauliza jirani zao, na kicheko kikapita mara ya pili. "Amesema nini?" Bwana Pruitt alimuuliza mkewe, naye akajifanya hakusikia.

Ardith alikuwa pembeni mwa jukwaa. "Fumba macho," alimwambia Emil kwa sauti ya chini.

Emil akafumba. Tumbo likaenda mbele, mikono ikaenda nyuma, na kikohozi kikaja, vipande viwili. "Vijana wa leo..."

Bwana Pruitt alishtuka, akakohoa vile vile, vipande viwili, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mkewe alilia kwa kicheko kwenye leso. "Hivi kweli ndivyo ninavyokohoa?" Bwana Pruitt akamuuliza. "Kila asubuhi, mume wangu," mkewe akajibu.

Emil alipomaliza kumwigiza Ardith, nywele, birika na yote, macho yake yalikuwa wazi na alikuwa akimtazama yeye. Alibaki mtu mmoja tu, na huyo Ardith alimsoma mwenyewe, bila madoido: *Emil Sedlak: tulidhani amenyamaza. Kumbe alikuwa akitusikiliza sote.* Mama yake Emil, aliyekaa kando ya bibi, hakucheka wala hakununa. Aliinamisha kofia yake, akamshika bibi mkono.

Baadaye watu walimzunguka Emil mlangoni, wakimtaka awaigize fulani na fulani, naye akawajibu kwa neno moja moja kama zamani. Ardith alimshika mkono bibi kumteremsha ngazi.

"Ngoja nikuone," bibi alisema. Akapitisha vidole usoni pake, kwenye paji, kwenye mashavu yenye vumbi la pazia, akasimama puani. "Emil. Hukuniambia ana pua ndogo hivi."

"Pua haina sauti, Bibi," Emil akasema nyuma yao.

"Ya huyu inayo," alisema bibi, na wote watatu wakaenda polepole kuelekea kwenye gari la farasi la akina Sedlak, Ardith akisukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja.