Matairi Manne, Mali ya Hekalu

Bwana Posta alipostaafu alibaki na vitu viwili vya kujivunia: binti yake Iresha, na gari lake, Morris Minor la mwaka sitini na tatu, rangi ya chai ya maziwa. Jina lake hasa ni Wimalaratne, lakini Nelumgama nzima humwita Bwana Posta, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kugonga mihuri. Na ukichunguza, hivyo viwili vilikuwa kimoja, maana Iresha alizaliwa humo humo garini, kiti cha nyuma, kwenye kona za kuteremkia Kegalle, hospitali ikiwa bado ng'ambo ya mto na baba mtu akipiga honi kama kichaa. Mkewe, Indrani, mpaka leo akipanda gari lile hukaa mbele.

Basi Iresha alipochumbiwa na kijana mmoja wa benki huko Kandy, upande wa bwana harusi wakasema wasisumbuke, wao watakodi gari refu jeusi lenye kiyoyozi. Msichana akakataa katakata.

"Nilikuja na Minor, naondoka na Minor," alisema. "La sivyo natembea kwa miguu, na sari yangu nyeupe, na mvua inyeshe."

Baba mtu alienda nyuma ya nyumba akalia kidogo. Alipomaliza kulia akaenda kuyaangalia matairi, akataka kulia tena. Yalikuwa vipara vitupu, nyuzi zimetokeza, na moja lilikuwa na uvimbe ubavuni. Kumpakia bibi harusi juu ya matairi yale, uyashushe milima ya Kegalle, ilikuwa ni kumtafutia mtoto kifo.

Sasa tazama mambo. Nelumgama imezungukwa na mashamba ya mpira kila upande. Kila asubuhi utomvu unatiririka kwenye vifuu, mti baada ya mti, mpaka watu wamechoka kuuona. Lakini tairi jembamba la kipimo cha Minor? Hakuna! Bwana Posta alizunguka Kegalle, akazunguka Kurunegala, akateremka mpaka Colombo kwenye maduka ya vipuri, ambako muuzaji mmoja alicheka, kisha akamwita kaka yake atoke nyuma ya duka naye aje acheke.

Hapo ndipo aliposikia kwamba teksi za zamani za India zilivaa kipimo hicho hicho. Na hekalu la kijiji lilikuwa linaandaa safari ya kuhiji India, kwenye mahali patakatifu. Indrani alikuwa amembembeleza mumewe ahiji tangu siku za ujana wao, na kila mwaka mzee alikuwa na udhuru: mgongo, posta, mafua. Mwaka ule alikubali kabla hajaombwa. Mama wa watu alilia kwa furaha, akawatangazia majirani kwamba mume wake ameokoka.

Ukweli Indrani aliujua huko huko kwenye hija, Gaya. Mahujaji wote wamefumba macho chini ya mti mtakatifu, yeye anafumbua lake moja, mume hayupo. Walimkuta nje ya lango, amechuchumaa kando ya teksi kuukuu, anapima gurudumu kwa shanga za sala. Indrani alirudi nyumbani na jani la mti mtakatifu. Mumewe alirudi na matairi manne mapya.

"Baba Iresha," alimwambia, "ukifa, mimi sikusindikizi. Atakusindikiza fundi."

Kupata ni jambo moja, kuweka ni jambo jingine. "Mpira hautaki jua," Bwana Posta alimfundisha kila aliyesimama karibu. "Hautaki joto, hautaki mafuta, na usiuweke jirani na mota ya friji, utapasuka." Kwanza aliyaweka chini ya kitanda. Indrani akavumilia wiki moja, kisha akasema yeye aliolewa na karani wa posta, hakuolewa na gereji. Akayahamishia barazani. Mvua ikapiga, maji yakatuama ndani, na mabwana afya wa homa ya dengi wakapita na tochi zao.

"Mzee, unafuga mbu?" mmoja aliuliza, huku akionyesha viluwiluwi vinavyocheza.

"Nafuga matairi."

"Tukirudi tukiyakuta, tunayatoboa, na wewe tunakupeleka mahakamani."

Kutoboa! Usiku ule mzee hakula. Kesho yake akapanda hekaluni kwa Mheshimiwa Sumanasiri, mtawa mkuu, akapiga magoti, akaomba ahifadhi vitu vyake vichache kwenye ghala la nyuma, lenye kuta nene na giza na ubaridi wa kupendeza. Mtawa alikuwa akisoma. "Weka tu, Bwana Posta," akajibu bila kuuliza ni vitu gani. Mzee akanunua kitambaa cheupe kipya, kila tairi akalishonea vazi lake ili mwanga usiliguse, akayasimamisha juu ya ubao, akaondoka na roho kwatu.

Utauliza, kwa nini hakuyafunga kwenye gari akapumzika? Nami nilimuuliza. Kumbe alikwenda kwa mnajimu. Mnajimu alikuwa ameshatoa saa njema ya harusi, na saa njema ya bibi harusi kutoka mlangoni uso ukielekea mashariki. Bwana Posta akataka na saa njema ya kufunga matairi. Mnajimu akamtazama sana, akafungua chati zake, akasema: Jumatano, baada ya Kathina. Kabla ya hapo nyota zimekaa vibaya. Mzee akatii.

Kathina ndiyo ile siku ya kuwapa watawa joho jipya mvua zikiisha, na pamoja na joho watu hutoa chochote: ndoo, mafagio, miavuli, mablanketi, kila kitu kimefungwa vizuri kwa kitambaa cheupe. Mkuu wa kamati ya akina mama ni Podimenike, mwanamke mmoja shupavu ambaye hata watawa wakimwona anakuja hurekebisha majoho yao. Siku moja kabla, Podimenike aliingia ghalani kufagia, akakuta vifurushi vinne vya mviringo, vizito, vimeshonwa kwa kitambaa cheupe kipya, havina jina.

"Jamani, kuna mtu ametoa sadaka ya siri," aliwaambia wenzake, machozi yakimlengalenga. "Hivi ni viti vya kukalia watawa wakitafakari. Na hataki hata ajulikane! Leteni utepe."

Alfajiri maandamano yakatoka, ngoma mbele, bendera zikifuata. Bwana Posta alikuwa na bendera. Aliviona vile vifurushi vyeupe vyenye utepe wa rangi ya machungwa vikipita juu ya vichwa vya vijana, akamwambia mkewe, "Watu wana moyo, mama. Sio sisi."

Ndani ya ukumbi zawadi hupitishwa mkono kwa mkono, kila mtu aguse apate fungu lake la thawabu. Vifurushi vilipomfikia, Bwana Posta aliviwekea viganja vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Akahisi kitu kigumu, cha mviringo, lakini nani angefikiria? Akafumba macho. Mtawa akatamka maneno ya kutoa, na watu wakayarudia mara tatu: vitu hivi tunaipa jumuiya ya watawa, ya leo na ya kesho, ya hapa na ya kila mahali. Sauti ya Bwana Posta, iliyozoea kuita majina ya watu dirishani, ilizidi zote.

Mheshimiwa Sumanasiri akavuta utepe, akafumua uzi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mzee aliijua kabla hajafumbua macho, harufu ya mpira mpya.

Mtawa hapaswi kuchagua wala kukosoa anachopewa, kwa hiyo Mheshimiwa alilitazama tairi mbele na nyuma, akachungulia katikati yake, akaliweka chini kwa heshima mbele ya watawa wenzake watano. Mtu mmoja nyuma, ili kuokoa hali, akasema, "Sadhu!" yaani imetendwa vyema. Na watu wote wakaitikia, "Sadhu! Sadhu!"

Walipotawanyika, mzee alibaki amepiga magoti.

"Mheshimiwa, yale ni yangu."

"Yalikuwa yako," mtawa alisema kwa upole. "Uliyagusa?"

"Niliyagusa."

"Ukasema maneno?"

"Nilisema. Mara tatu."

"Nilikusikia. Nadhani na Kegalle walikusikia." Mtawa akahema. "Bwana Posta, yangekuwa yangu, ningekurudishia sasa hivi. Lakini si yangu. Ni ya watawa wote, hata ambao hawajazaliwa. Nikupe mimi nani?"

Nyumbani Indrani alimkuta amekaa gizani, ameinamia funguo za gari.

"Usiku nitaenda kuyachukua," alisema mzee. "Nimetafuta miaka miwili. Mtoto wangu harusi ni wiki ijayo."

"Uibe mali ya watawa? Wewe! Unajua wezi hao huzaliwa tena kuwa nini? Pepo wa njaa! Tumbo kama pipa, mdomo kama tundu la sindano, na wewe utaongezewa na tairi shingoni."

"Basi nifanye nini, Indrani? Nimwambie nini mtoto?" Machozi yakamtoka. "Mimi sina shamba, sina ghorofa. Nina kale kagari. Kitu kimoja tu ameniomba."

Indrani alikuwa amelichukia gari lile miaka yote ya ndoa yake, na ana haki, maana alizalia humo. Lakini alipomwona mzee analia, moyo ulimlainika. Akakaa akihesabu vitu vya harusi vilivyobaki kuazima, sahani, masufuria, viti. Ghafla akasimama.

"Viti tunaazima wapi?"

"Hekaluni. Kila mtu anaazima hekaluni."

"Viti ni mali ya nani?"

Mzee akamtazama. Kisha akamkumbatia, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu posta ilipowekewa simu.

Mheshimiwa Sumanasiri alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya joho. Akasema kuazima ni halali, lakini mambo ya kuazima yako chini ya Podimenike. Na Podimenike, aliyekuwa bado ana aibu kwa kuwatolea watawa matairi, aliamua kuificha aibu yake nyuma ya sheria.

"Kitu cha hekalu kinarudi siku hiyo hiyo, kimeoshwa," alisema. "Kikiharibika unanunua kingine."

"Dada, matairi haya hayanunuliki popote!"

"Basi usiharibu. Na lazima yaandikwe. Kila kitu cha hekalu kinaandikwa, watu wezi."

Akachukua kopo la rangi nyeupe, ile ile ya viti, akaandika kwa mkono wake ubavuni mwa kila tairi, kwa duara zima: MALI YA HEKALU LA NELUMGAMA.

Siku ya harusi, saa ya mnajimu ilipotimia, Iresha alitoka mlangoni uso mashariki, akaingia kiti cha nyuma, kile kile. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kutoka Kandy kusindikiza, aliyatazama yale maduara meupe akamnong'oneza mumewe, "Ona, wamepamba hadi magurudumu. Hawa watu wana pesa." Minor likatoka, na magari saba nyuma yake.

Tatizo likaanza hapo. Bwana Posta alikuwa amewaza usiku kucha kwamba tairi likitembea linalika. Na likilika, ni mali ya watawa inabaki barabarani, chembe kwa chembe, na mwenye kuila ni yeye. Akaendesha kama amebeba mayai. Akakwepa kila jiwe. Kwenye lami mbovu alisimama, akashuka, akaangalia, akapanda. Baiskeli ya muuza mkate iliwapita, ikipiga wimbo wake. Magari saba nyuma yakapiga honi.

"Baba," Iresha alisema, "saa njema ya kupanda jukwaa la harusi itanipita."

"Mpira, mwanangu. Ni wa watawa."

"Baba, mama aliniambia siku ile kona hizi hizi uliziruka kama una mabawa."

"Siku ile nilikuwa na haraka."

"Na leo?" Akainama mbele, maua ya nywele yakamgusa baba yake sikioni. "Dhambi ya mpira nimeichukua mimi. Yote. Kanyaga, Baba."

Akakanyaga! Minor lilishuka kona za Kegalle likiunguruma, Indrani mbele ameshika dashibodi akisoma sala zote anazozijua, maandishi meupe yakizunguka mpaka hayasomeki, na Bwana Posta analia waziwazi, anacheka, anapiga honi ovyo kama ile mara ya kwanza. Walifika kabla ya wapiga ngoma.

Jioni aliyafungua matairi, akayaosha, akayashonea tena mavazi yake meupe, akayarudisha. Minor akaliweka juu ya matofali. Tangu hapo kila siku ya mwezi mpevu hupanda hekaluni, husujudu haraka haraka, kisha huingia ghalani kugeuza kila tairi robo mzunguko lisilale upande mmoja. Indrani huwaambia watu kwamba mume wake sasa ni mcha Mungu. Mzee hamsahihishi, na yeye hajisahihishi.

Mwezi uliopita mzee alipanda na siku haikuwa ya mwezi mpevu. Podimenike alikuwa akihesabu viti.

"Nataka kuweka oda ya matairi," alisema mzee, akihema kwa ngazi. "Kuanzia mwezi wa nne mpaka nitakaporudisha."

"Mwezi mzima? Haiwezekani. Tunaazimisha siku moja, kwa harusi au msiba. Wewe una kipi?"

"Uzazi."

Podimenike aliacha kuhesabu.

"Iresha anarudi kujifungulia kwetu," mzee alisema, na hakuweza kuuzuia uso wake kutabasamu. "Mumewe ana gari la kiyoyozi. Binti amelikataa."

Podimenike alimtazama sana. Kisha akafungua mlango wa ghala, akaingia gizani, na mzee akamsikia akiyapapasa moja moja.

"Yachukue leo," alisema kutoka ndani. "Watoto wa kwanza huwahi."