Jiwe Lililooga

Maabarani walimwita Kinu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusaga mawe. Kwa mtafiti wa mwanga alikuwa kwanza shemeji, mdogo wa mumewe, na utani wake haukuwa na likizo.

Asubuhi hiyo alimletea unga mweusi kwenye kisahani, uso mkavu kama hakimu.

"Haya, shemeji. Ukiutambua kwa mwanga tu, bila kuugusa, zamu ya darubini ni yako. Ukishindwa, wanapewa wenzetu wa ghorofani."

"Umeubabua?"

"Kwa leza, mpaka ukaomba maji."

Kubabua ndiyo shughuli yenyewe. Huko juu angani, mwamba usio na hewa ya kuufunika hupigwa na jua na vumbi la kasi hadi uso unaiva, unakuwa mweusi wa kuelekea wekundu, na alama za madini yake zinafifia. Mtafiti alidai anaweza kuzisoma hata hivyo. Mkuu wa maabara, mtu wa kuamini akiona, alikaa nyuma yake amekunja mikono.

Mchoro wa mwanga ukatokea kwenye kompyuta: mstari wa chini, unaopanda kivivu.

"Makaa," Mkuu akanong'ona.

Mtafiti akauondoa ule mpando, kama mtu anayesugua masizi ya sufuria, na chini yake vikajitokeza vibonde. Cha kwanza: chuma cha jiwe la volkano. Safi. Cha pili kikamkunja uso. Maji. Cha tatu kikamfanya ageuke polepole kumtazama shemeji yake, ambaye ghafla aliiona dari inavutia sana.

"Mkuu, mwamba wa huko juu hauna unyevu namna hii. Hili limeoga."

"Limeoga?"

"Kwa sabuni. Mafuta yake yamejificha kwenye vitundu. Ni jiwe la kusugulia visigino." Akavuta pumzi. "Tena ni langu, lililopotea bafuni wiki iliyopita."

Mkuu akamgeukia Kinu. Kinu akakohoa.

"Nilisahau kulikausha."

"Darubini ni yake," Mkuu akasema, akijitahidi asicheke.

"Na jiwe langu?"

Kinu akakitazama kisahani. "Shemeji, hilo sasa ni poda."

"Basi jioni utaleta jipya nyumbani. Halafu utamweleza kaka yako kwa nini amelala sebuleni wiki nzima kwa wizi usio wake."

Kinu akamuuliza Mkuu, kwa adabu isiyo ya kawaida yake, kama jioni hiyo hakuna mawe ya kusaga.