Somo la Mbu Makorora

Mwaka ule wa themanini na tatu maduka ya Tanga yalikuwa na rafu tupu. Saleha, nesi wa kliniki ya watoto Makorora, aliwafundisha wazazi kujikinga na mbu. Alikuwa na sauti ya kusikika mpaka barazani, na alijua kuwachekesha.

"Maji yaliyotuama yamwageni," alisema. "Mtoto alale ndani ya chandarua. Akipata homa msingoje, mleteni mapema."

Devota, aliyempakata mwanawe Noa, akainua mkono. Mumewe Nehemia alikuwa mkata mkonge, na shamba lilipofungwa wakahamia mjini.

"Dada Saleha, chandarua tunakipata wapi?"

"Shona hata cha kanga kuukuu."

"Kanga kuukuu ndiyo hii niliyovaa."

Wanawake wakacheka. Saleha naye akacheka. Hata wanawe mwenyewe walilala bila chandarua.

Devota aliyashika aliyoambiwa. Alifukia dimbwi la nyuma ya choo, akafyeka majani, akamwaga pipa la maji lililojaa viluwiluwi vya mbu. Bomba likakauka wiki nzima, majirani wakamsema: maji yanatafutwa, yeye anamwaga! Akafumua magunia ya vitunguu, akayaunga kwa uzi wa mkonge, akamtundikia mwanawe juu ya mkeka. Matundu yalikuwa makubwa, mbu walipita watakavyo.

Masika yalipokolea, Noa akaamka mwili unawaka. Devota akafika kliniki kabla mlango haujafunguliwa.

Saleha alimgusa mtoto, akaingia stoo. Alijua hamna kitu, lakini aliingia. Makopo ya klorokwini yalikuwa yamepangwa vizuri, yote matupu.

"Twende hospitali," alisema.

Hospitali wakaambiwa dawa inatarajiwa. Kwenye duka la dawa Mzee Uweso alitikisa kichwa hata kabla ya kuitikia shikamoo yao.

"Jaribuni kwa wale wanaovuka mpaka wa Horohoro," akawanong'oneza.

Wakaenda kwa mama mmoja aliyeuza vitu vya magendo chumbani kwake. Akafungua sanduku: sabuni, dawa ya meno, nyembe. Dawa ya homa alishamaliza.

"Kuna mtu anarudi kesho kutoka Mombasa," alisema kwa huruma. "Mje kesho."

Walipotoka tu, Noa akashikwa na degedege. Saleha alimlaza ubavu kwenye kivuli cha ukuta, akavua kilemba chake akampepea nacho. Miaka yote ya masomo yake, na sasa alichoweza ni kumpepea mtoto. Watu wakasimama, wakatazama, wakaondoka. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Noa alikuwa ameshatulia, hapumui tena, na Saleha aliacha kupepea.

Devota alikaa chini mchangani.

"Nilimleta mapema," alisema.

"Ndiyo, ulimleta mapema."

"Sasa nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mama Noa. Hukukosea popote."

Devota alimtazama kana kwamba angependa zaidi kuambiwa kosa lake.

Saleha ndiye aliyembeba mtoto, amemfunika uso kwa kilemba, na mkono mwingine akamshika mama yake. Wakaenda taratibu mpaka nyumbani. Nehemia alikuwa amesimama mlangoni akiwangoja. Alipowaona akawakimbilia.

"Mmeipata dawa?" aliuliza.

Saleha, mwenye sauti ya kusikika mpaka barazani, akamwekea mtoto mikononi, uso ukiwa bado umefunikwa.