Waliokataliwa

Vidole vya baba yake vilikuwa laini kama vipande vya sabuni inayokaribia kuisha. Saruji na chokaa zilikuwa zimekula mistari yote, na mzee mwenyewe, mwashi tangu ujana wake, alizoea kuutania mwili wake: "Mimi bado niko kazini, vidole vimeshastaafu." Alicheka hivyo siku ya kwanza alipotoka kujiandikisha. Siku zilizofuata hakucheka. Mashine ya ofisi ya vitambulisho ilimkataa, ikamkataa tena, na hospitali haikuwa tayari kumpasua mtu asiye na kitambulisho. Alikufa akiwa bado anaambiwa arudi kesho.

Familia ilipolalamika, ofisi ilijibu kwa barua yenye mhuri: hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba marehemu aliwahi kufika. Sentensi moja tu, ikamzika mara ya pili.

Kuna wanaotukanwa wakalia, yakaisha. Binti wa marehemu aliomba kazi kwenye ofisi ile ile. Alikuwa fundi wa mitandao, na wenzake walimwita Nyaya bila kujua ni mtoto wa nani. Alivumilia chai yao ya baridi na salamu zao za nusu mdomo mpaka akapewa kazi aliyokuwa akiivizia: kuandaa ghala la mtandaoni, lile wanaloliita wingu, ili kumbukumbu za mfumo zinakiliwe humo kabla seva kuukuu haijazimwa. Kumbukumbu hizo ziliandika kila tukio: dirisha gani, saa ngapi, kidole kimekubaliwa au kimekataliwa. Kisichonakiliwa kingekufa pamoja na seva.

Mkuu wa kitengo alikuja na kusimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu mpole, na upole ni nguo nzuri sana ya ofisini, hufunika mengi.

"Nyaya, waliokubaliwa uwapandishe wote. Waliokataliwa waache huko huko."

"Kwa nini, mkuu?"

"Wanajaza nafasi bure. Tena hawana majina. Mtu asiye na jina utamhifadhi wa nini?"

Alisema akitabasamu, kama anayezungumzia mvua, akaenda zake.

Hawana majina. Nyaya alifungua faili akaona ni kweli: kila aliyekataliwa alikuwa mstari mtupu wa saa na dirisha. Akashuka ukumbini, kwa karani mkongwe wa madirishani, waliyemwita Mama Miwani.

"Mama, mbona waliokataliwa hawana hata namba ya fomu?"

"Wewe mgeni kweli." Mama Miwani alivua miwani akaipulizia pumzi. "Ukiandika namba kwanza, halafu kidole kikagoma, dirisha lako linahesabiwa bovu. Mwisho wa mwezi unaitwa huko juu kusemwa kama mtoto. Basi sisi tunaanza na kidole. Kikikubali, ndipo tunaandika namba."

"Na kikigoma?"

"Unamwambia arudi kesho. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mwanangu? Nina wajukuu nyumbani."

Hasira ya Nyaya, aliyoilea muda wote huo kama kidonda asichotaka kipone, ilikuwa imejiandaa kumkuta jitu. Ikamkuta bibi anayefuta miwani kwa pindo la blauzi. Nyaya alirudi juu.

Akaitafuta kwenye kumbukumbu siku ile ya mwisho, siku shangazi yake alipompeleka mzee kwa kumshika mkono. Akaipata. Akapiga simu.

"Umemwona?" shangazi akauliza kabla ya salamu.

"Nimewaona wengi, shangazi. Dirisha lile lile, asubuhi ile ile. Sijui yupi ni yeye."

"Alikuwa amevaa koti la kijivu."

"Mashine haikuandika makoti."

Upande wa pili maji yalikuwa yakitiririka bombani, na hakuna aliyeyafunga.

"Mbele yetu kulikuwa na mwanamke," shangazi akasema. "Alikuwa anapangusa vidole kwenye gauni lake mpaka vikawa vyekundu. Kaka akamwambia, jaribu huku, hiki cha mwisho hakijafanya kazi nyingi. Akacheka, maskini. Nao wakamrudisha. Basi naye yumo humo?"

"Yumo, shangazi."

"Hawa watu wana kwao, mwanangu. Usiwaache."

Nyaya alikata simu. Alikuwa ameingia ofisi hii kama mtu aingiaye chumba cha maiti kumtafuta wake, akiwapita wengine kwa macho ya haraka. Sasa hakuwa na wa kumpita. Ile barua yenye mhuri ingebaki ilivyo. Hakuwa na mstari hata mmoja wa kuweka mezani na kusema, huyu hapa, alifika. Alichokuwa nacho ni umati usio na majina, na amri ya kuuacha uteketee.

Ghala lile lilikuwa na kufuli la aina yake: ukilifunga kwa miaka kadhaa, hata aliyefunga hawezi kufuta kilichomo wala kitakachoingia. Alichagua miaka mingi zaidi iliyoruhusiwa. Alijua mkuu atakuja kuona, na alijua kibarua chake hakitavuka wiki. Akaruhusu waliokataliwa wapite, wote, kisha akafunga.

Mistari ikaanza kuondoka kwenye kioo, ikipanda winguni. Nje, kwenye korido, viatu vya mkuu vilikuwa vikikaribia, na Nyaya hakuinua kichwa. Aliikodolea macho mistari ile, kidole kimekataliwa, kidole kimekataliwa, akiisindikiza kama mtu anayewasindikiza wageni hadi njiani, mmoja baada ya mwingine, bila kujua ni yupi kati yao aliyepaswa kumlilia.